Gari la Kupanda Ibaba

Jumamosi ndiyo siku yao. Wengine wana mpira, hawa wana magari. Alasiri, watu wa chakula wakishapungua na sufuria zimeoshwa, wanakuja mmoja mmoja na kuegesha mbele ya jiko langu, hapa Mpemba, barabara ya Ileje inapoachana na ile kubwa ya kwenda Tunduma mjini. Wanafungua maboneti yote, wanayaacha wazi kama watu walioanika mahindi, halafu wanakaa kwenye mabenchi yangu na kubishana mpaka chai iishe kwenye chupa.

Si walevi. Ulevi wao ni gari lenye turbo linalovuta kwa tairi zote nne. Linalovuta mbele tu wanaliita bajaji. Linalovuta nyuma tu wanaliita toroli. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye nikazoea, nikawa nasikiliza huku nachambua mchele, maana na mimi nilikuwa na langu.

Langu ni Forester ya bluu yenye turbo. Aliiacha mume wangu Gwalugano alipofariki mwaka juzi. Inakaa chini ya banda la bati kati ya jiko langu na gereji ya Sadoki. Sadoki ni fundi, ni mzee wa kanisa letu, na alikuwa rafiki wa Gwalugano tangu ujana wao. Ufunguo mmoja nilikuwa nao mimi, mwingine alikuwa nao yeye, ili awe analiwasha gari lisilale sana. Mimi naendesha, Gwalugano alinifundisha, ila si mtu wa safari za kila siku.

Mabishano yao yalikuwa hivi. Lusubilo, dereva wa malori ya Zambia, anaanza kwa kuchokoza.

"Thamani ya gari ni soko. Ukilipeleka sokoni likarudi, hilo siyo gari, ni kabati."

"Soko linajua nini?" Huyo ni Anania, anapitisha mizigo ya watu mpakani, ana Impreza ya gia za mkono anayoipenda kuliko shati lake. "Soko linataka gari ya kubebea nyanya. Weka Impreza yangu na Probox ya Sadoki kwenye tope la Ileje, halafu uliite hilo soko lako lije kusukuma."

"Na mafuta?"

"Ng'ombe wa maziwa hali majani?"

"Yako majani inakula, kaka. Maziwa ndiyo hatujayaona."

Wanacheka mpaka chai inamwagika. Kisha Anania ananigeukia. Amezoea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo mimi ananiita mama kwa Kibemba.

"Bamayo, waambie. Gari ni ile yako pale. Mimi ile ningelala nayo chumbani."

"Otomatiki ile," anasema Lusubilo. "Gari ya mchungaji."

"Mchungaji anayekupita mlima Senjele huku anaimba pambio!"

Sadoki hakuwa mtu wa kelele. Yeye anajifuta mikono kwa kitambaa, anasubiri wanyamaze, ndipo anasema neno moja. Na mwaka huu, mvua zilipoanza, neno lake likawa moja kila Jumamosi.

"Ilikuwa gari."

"Ilikuwa kivipi?" Anania aliuliza mara ya kwanza.

"Nyuma haivuti tena. Mimi ndiye ninayeiwasha, mimi ndiye ninayejua. Sasa hivi ile ni bajaji yenye turbo."

Anania alibisha Jumamosi ile. Jumamosi iliyofuata akabisha kidogo. Ya tatu akaangalia kikombe chake.

Mimi bei ya lile gari sikuwahi kuiuliza. Lusubilo alitaka kunitajia mara kadhaa, nikamwambia aache, chakula kinaungua. Kwangu mimi thamani yake ilikuwa moja, na wote waliijua. Mama mkwe wangu, Bibi Restuta, anaishi Ibaba, juu kabisa, kwenye nyumba aliyozalia watoto wake. Hataki kushuka. Ukiiacha lami ya Ileje na kuanza kupanda, mvua ikikaza ule udongo unakuwa sabuni. Bodaboda wanakaa chini wanasubiri jua, na bibi huko juu anasubiri mtu. Gwalugano akiwa kitandani hakuniambia habari ya shamba wala nyumba. Aliniambia, "Ketrina, mama asikae masika peke yake." Na kila masika nimepanda. Gari lile lilikuwa linapanda kama mbuzi, polepole, bila kelele, likishika chini kwa miguu yote.

Ndiyo maana niliposikia nyuma haivuti, usingizi ulinipungua. Nikalitaja kwenye kikundi chetu cha maombi. Nikasema mbele ya wenzangu, Sadoki akiwemo, "Niombeeni hili gari lifike masika mengine. Lisipopanda Ibaba, kwangu ni bati la kufugia kuku." Sadoki alikuwa wa kwanza kusema Amina.

Baada ya hapo akaja na wazo. Alikuja asubuhi, kabla ya wateja, akakaa kwenye kigoda kama ndugu.

"Shemeji, mimi sipendi kukuona unahangaika. Tubadilishane. Chukua Probox yangu, unaijua, haijawahi kumlaza mtu njiani. Itakuletea mahindi kutoka kwenu Hasamba, itakuletea mkaa. Hii ya marehemu niachie nitoe vipuri, angalau isiozee hapo."

"Na Ibaba?"

"Ibaba tutamshawishi mama ashuke. Mimi mwenyewe nitakwenda kuongea naye. Mimi kwake ni mtoto, ananisikiliza."

"Nataka nione kwanza," nikamwambia. "Nikiliona limeshindwa kwa macho yangu, nitakubali."

Alikubali haraka. Akasema Jumamosi, mbele ya mashahidi.

Nyuma ya Mpemba kuna mteremko wa udongo mwekundu unaokwenda kwenye matanuru ya matofali. Jumamosi ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Sadoki aliendesha, mimi nikakaa pembeni yake. Anania na Lusubilo walikuja na magari yao, wakasimama chini na miavuli. Tulipoanza kupanda nikaona taa ndogo imewaka mbele ya usukani, na herufi: F, W, D.

"Hiyo taa inasema nini?"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe, shemeji. Gari linalia."

Tulipanda kidogo, tukasimama. Tairi za mbele zilizunguka, zikarusha tope mpaka kwenye kioo. Nikafungua mlango nikaangalia nyuma. Tairi za nyuma zilikuwa zimetulia kama za gari lililoegeshwa kanisani. Sadoki akakanyaga tena. Gari likaserereka kiubavu, likarudi chini lenyewe. Akajaribu tena. Ikawa vilevile.

Nikashuka. Viatu vyangu vilijaa udongo. Nikawatazama wale wawili. Watu hawa wanaweza kubishana juu ya boliti. Wamewahi kubishana kwa mlio tu wa gari lililopita barabarani, hata hawakuliona. Siku ile Lusubilo alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, na Anania alikuwa anaangalia matanuru.

"Anania," nikamwita. "Na wewe umeona?"

"Nimeona, bamayo."

"Ndiyo limekufa?"

"Fundi ni Sadoki."

Nilidhani ananihurumia. Nilidhani wameona mjane analizika gari la mumewe, wakaona wanyamaze kwa heshima. Nikawashukuru hata kwa kuja kwenye mvua.

Jumapili baada ya ibada Sadoki alinifuata mpaka bandani. Akasema jambo kama hili tusilifanye kimwili tu. Akaweka mkono juu ya boneti, mkono wa kuume, akafumba macho. Nami nikafumba. Aliomba vizuri, yeye ana kipaji hicho. Alimtaja Gwalugano, alinitaja mimi mjane na binti yangu Gwantwa aliye chuoni, akamwomba Mungu abariki kinachotoka na kinachoingia. Nikalia kidogo. Tukakubaliana Jumamosi tutabadilishana funguo na kadi, wenzake wakishuhudia.

Katikati ya wiki nikaenda kutoa vitu vya marehemu ndani ya gari. Sikutaka vipuri viende na jembe lake. Nikatoa jembe, kamba, kanga yangu ya zamani, kitabu cha nyimbo kilicholowa. Nikainua sakafu ya buti nione kama kuna kingine, na pale chini lilikuwepo lile tairi la akiba. Wenye magari haya wanalijua: si tairi la kweli, ni jembamba, kama la pikipiki kubwa, la kukufikisha tu kwa fundi.

Nikasimama na ile sakafu mkononi. Lile tairi lilinikumbusha safari ya Galula.

Tulikwenda kumzika shangazi ya mume wangu kule, na wakati wa kurudi jiwe likachana tairi la nyuma. Gwalugano akafunga hili jembamba. Nikadhani tumemaliza, lakini akafungua boneti. Akaniita nimshikie tochi, ndani kulikuwa na kivuli. Akafunua kisanduku cheusi, akachomeka kifyuzi kidogo kama ukucha kwenye nafasi iliyokuwa tupu. Alipowasha gari, ikawaka taa. F, W, D. Nikamuuliza, gari limeharibika? Akacheka. "Tairi moja dogo, matatu makubwa, miguu ya nyuma itagombana na ya mbele. Naifunga ya nyuma ipumzike, tukifika naifungua." Na tulipofika aliniambia nikitoe mimi, kwa kuwa vidole vyangu ni vyembamba.

Nilirudisha sakafu ya buti taratibu. Nikazunguka mbele. Boneti lilikuwa na alama ya kiganja kwenye tope lililokauka, kile kiganja cha maombi. Nikafungua. Kisanduku nilikijua. Chote kilikuwa na vumbi la miaka, na katikati ya lile vumbi palikuwa na fyuzi moja safi, inang'aa, kama jino jipya kwa mzee.

Nikaitoa. Nikawasha gari. Taa haikuwaka.

Hata hapo bado nilimtetea Sadoki. Nilijiambia labda alisahau, labda alifunga kwa sababu fulani ya kifundi. Mtu aliyeomba na wewe huwezi kumtupa kwa fyuzi. Kesho yake mvua ikiwa inanyesha niliendesha mwenyewe mpaka kwenye mteremko wa matanuru. Wachoma matofali walikuwa wamejikunyata chini ya turubai, mmoja akapiga kelele, "Mama, rudi, utazama!" Nikaweka gia, nikamwomba Mungu, nikakanyaga kidogo tu kama nilivyofundishwa. Lilisita, likashika, likapanda. Likapanda mpaka juu, mpaka kwenye tanuru la mwisho, likasimama pale linatoa mvuke.

Sikufurahi. Ningependa kusema nilifurahi, maana gari lilikuwa zima na Ibaba ilikuwa bado yangu. Nilikaa mle ndani na wiper zinapiga, nikamkumbuka Anania anaangalia matanuru. Yeye na Lusubilo hawakuwa wanaangalia huzuni yangu. Waliiona taa. Watu wanaojua gari mpaka rangi ya nyaya zake, waliiona taa, na walijua ni kitu cha kung'oa kwa vidole viwili. Nilikuwa nimewashukuru kwa kuja.

Jumamosi niliwapikia chai kama kawaida. Sikutaka waseme nimewanyima chai. Probox ya Sadoki ilikuwa imeoshwa mpaka chini ya madigadi, imeegeshwa karibu na banda. Walikuwa wanabishana, ila kwa sauti ya kujilazimisha, juu ya ipi inadumu zaidi, ya gia za mkono au otomatiki.

Nilisubiri Sadoki amalize kunawa. Nikaiweka fyuzi kwenye kisahani, mbele yake, pembeni ya chapati.

Aliitazama. Lusubilo akaitazama, akashusha kikombe.

"Naomba unieleze, shemeji," nikasema. "Hiki niliambiwa ni ugonjwa."

Lori lilipita, tukalisubiri lipite.

"Anania. Ulijua?"

"Bamayo..."

"Nimekuuliza kwa Kiswahili."

"Tulijua," akasema. "Yeyote mwenye gari za namna hii anajua. Sadoki alisema ni mambo yenu ya kifamilia, kwamba gari anataka abaki nalo mtu wa marehemu, lisiende kwa watu baki. Alisema tusiingilie."

"Na mimi ni mtu baki?"

Lusubilo akajaribu kuleta utani, maana huyo hawezi kukaa bila utani. "Mama Gwantwa, si unaona, sasa umekuwa fundi..."

"Nyamaza, Lusubilo."

Sadoki alikuwa bado hajaigusa ile fyuzi. Alipoongea, hakuongea kama mzee wa kanisa, aliongea kama kijana aliyekamatwa na muwa wa watu.

"Lile gari tulilichagua wote wawili, mimi na Gwalugano. Tulikwenda Dar pamoja. Yeye alikuwa na uwezo wa kulinunua, mimi nikawa na uwezo wa kulitengeneza. Kila kilichomo mle ndani nimekifunga mimi. Halafu linakaa bandani, shemeji, linatoka kwenda kupeleka sukari na sabuni kijijini. Gari kama lile! Nalisikia kila asubuhi nikiliwasha. Wewe hujui una nini pale."

"Najua linapanda Ibaba."

"Hiyo siyo thamani yake!"

"Ndiyo thamani niliyowaambia ninyi. Nilikuambia wewe, kwenye maombi. Ukaenda ukaizima hiyohiyo."

Aliinamisha kichwa. "Ningekuomba, ungenikatalia."

"Ningekukatalia," nikasema. "Na kesho yake ungekuja kunywa chai hapa."

Nilinyoosha mkono. Alielewa. Akatoa ufunguo wa pili kwenye mkufu wake wa funguo, ulimchukua muda kwa sababu ulikuwa umekaa pale tangu uhai wa Gwalugano na kile kichuma kilikuwa kimekaza. Aliuweka mezani, si mkononi mwangu. Kisha akavuka kwenda gereji yake na chapati yake akaiacha. Wale wawili walifunga maboneti. Anania alitaka kuniaga, nikawa nakusanya vikombe.

Jumatatu nilipanda Ibaba. Nilikuwa na sukari na sabuni, ndiyo, na mafuta ya taa na dawa za miguu ya bibi. Ukungu ulikuwa mzito na barabara ilikuwa mbaya kuliko ya matanuru, bodaboda wamejipanga chini kama kawaida. Gari lilipanda. Bibi Restuta alikuwa mlangoni amejifunika shuka, macho yake hayaoni vizuri tena ila mlio wa lile gari anaujua.

"Umekuja na mwanangu?" akauliza. Siku hizi anachanganya kidogo.

"Nimekuja mwenyewe, mama."

Tulikaa jikoni. Akauliza habari za watu mmoja mmoja, wa kwetu na wa kanisani. Akafika kwa Sadoki. Sadoki aliwahi kulala kwenye nyumba ile, akala ugali wa mkono wa yule bibi, wakati yeye na Gwalugano ni vijana wasio na gari wala baiskeli.

"Sadoki hajambo? Bado anakuangalia?"

Nilichochea moto kwanza.

"Hajambo, mama."

Asubuhi wakati naondoka akaleta kifurushi cha maharage, amekifunga kwenye kitambaa kwa fundo la kizee. "Haya ya Sadoki. Mwambie mwanangu asiache kukuangalia." Nilikiweka kwenye kiti cha mbele. Kila kona kilisogea, nikawa nakirudisha kwa mkono mmoja.

Nilipofika Mpemba sikwenda nyumbani kwanza. Sadoki alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikasimama mpaka akatoka. Alikuwa na grisi mpaka kwenye nyusi.

"Ametuma mama," nikasema, nikaweka kifurushi kwenye benchi la vifaa.

Alilijua lile fundo. Alifuta mikono kwa kitambaa, akafuta tena, lakini hakukigusa.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia hujambo."

Nikarudi kwenye gari. Lilikuwa na tope mpaka madirishani. Zamani angekuja na mpira wa maji kabla sijafunga mlango, na angeanza kuuliza lilipandaje, lilishikaje, ile kona ya mwisho ilikuwaje. Nilimwona amesimama pale pale, amelipa gari mgongo, na kile kifurushi mbele yake. Nikachota maji kwenye pipa langu, nikaanza kuliosha mwenyewe, kuanzia tairi za nyuma.